Kirk session haina uhusiano na John Kirk

Kwa Mhariri,

Wiki iliyopita mlichapa barua ya msomaji mmoja anadai ati kirk session yetu ya PCEA (kile kikao cha mchungaji na wazee katika kanisa letu la Presbyterian la Afrika Mashariki) imeitwa hivyo kwa heshima ya John Kirk, yule balozi wa Uingereza aliyekaa Zanzibar. Jamani! Nilidhani ni mzaha, kumbe mwenzetu yuko siriasi, na ishaanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya kanisa, ndo maana naandika.

Kirk ni neno la zamani la Kiskoti, maana yake kanisa, basi. Hata leo Kanisa la Scotland lenyewe wenyeji huliita tu Kirk. Ukilifuata nyuma zaidi unafika kwa Wagiriki, kyriakon, yaani kitu cha Bwana, ni ukoo mmoja na ile Kyrie inayoimbwa kwenye misa za Wakatoliki. Waingereza wa kusini waliilainisha ile k ikawa ch, wakapata church, lakini kule kaskazini Waviking walikuwa wamelowea na wao walisema kirkja, kwa hiyo k ikabaki ngumu vilevile. Sanduku ambalo Mwingereza anaita chest, Mskoti wa zamani aliita kist, ni mtindo uleule. Na Wadenmaki mpaka leo wanasema kirke. Mji wa Kirkwall visiwani Orkney maana yake ni ghuba ya kanisa. (Ila msikimbilie kila jina, Kirkcaldy alikozaliwa Adam Smith haimo humu, ile inatokana na neno la ngome.)

Sasa session. Baada ya mageuzi ya Kiprotestanti ya 1560 Waskoti waliendesha kila parishi kwa kikao cha mchungaji na wazee, na kikao hicho kilikuwa kikali kwelikweli, mzinzi alikuwa anaweza kukalishwa kwenye kigoda mbele ya waumini wote Jumapili, watu wanamkodolea macho. Bahati yetu wazee wa siku hizi mambo mengi wanayamaliza kwa chai na mandazi. Wamisheni wa Kiskoti walipofika Kibwezi 1891, kisha wakahamia Kikuyu 1898, walikuja na utaratibu huo pamoja na jina lake. Wenyeji nao wakawaita wageni kwa matamshi yao, ndo tukapata Thogoto, jina la mahali pale Kikuyu, ambayo ni Scot tu ikipita kwenye mdomo wa Mkikuyu. Kanisa lenyewe tukaliita kanitha, kutoka Kiswahili, ambacho nacho kilikopa kwa Waarabu, lakini kile kikao cha wazee kikabaki na jina lake la Kiskoti.

Kuhusu John Kirk, ni kweli alikuwa Mskoti, daktari, alitembea na Livingstone kule Zambezi na ndiye aliyembana Sultan Barghash akasaini mkataba wa 1873 wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Lakini alizaliwa 1832, na kirk session zilikuwa zishakaa karne mbili na zaidi. Tena jina lake la ukoo ndilo lililotoka kwenye neno hilo, watu wa namna hiyo zamani waliitwa hivyo kwa sababu waliishi karibu na kanisa.

Naomba mchape masahihisho kabla hii stori haijaingia kwenye madarasa ya ubatizo.

Mzee wa kanisa,
Kiambu