Paka wa Louis Wain na mitumbwi ya kaka yangu

Mhariri,

Wiki iliyopita mlichapa picha nane za paka za Louis Wain, mchoraji wa London, mkazipanga safu moja: mwanzoni paka wa kawaida, mwishoni marembo matupu yenye rangi kali. Chini mkaandika kwamba ndivyo akili yake ilivyoharibika hatua kwa hatua. Naomba mrekebishe.

Picha zile hazina tarehe. Aliyezipanga hivyo ni daktari wa magonjwa ya akili, Walter Maclay, aliyezikuta dukani mwaka 1939, mwaka uleule aliofariki Wain. Kweli Wain aliugua. Mwaka 1924 aliingizwa wodi ya maskini ya hospitali ya magonjwa ya akili, akahamishiwa hospitali ya Bethlem, kisha ya Napsbury mwaka 1930. Lakini hukohuko Napsbury aliendelea kuchora paka wake wa siku zote, huku akichora na wale wa marembo. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa na mtarizi. Mama yeyote wa huku kwetu anayejua khanga angeyatambua yale marembo bila kutafuta ugonjwa ndani yake.

Ninalishikilia hili kwa sababu kaka yangu anachora mitumbwi Mwaloni, Kirumba. Aliwahi kuumwa, akatibiwa, na dawa zake anameza bila kukosa. Miaka mingi aliandika majina tu, bluu juu ya nyeupe. Mwaka juzi akaanza kuujaza ubavu mzima wa mtumbwi sato wadogo wadogo, wekundu na wa njano, magamba yao yakigeuka mawimbi kuelekea tezi. Mtumbwi wa kwanza ulimchukua siku tatu, amepiga magoti mchangani, jua la utosi. Mimi sijaona kazi nzuri kuliko ile.

Wenye mitumbwi wakanong'ona: "Kichaa kimemrudia." Kazi zikakatika. Hata mama alianza kumhesabia vidonge usiku, kaka akiwa amelala. Nami, nakiri, nilikaa wiki mbili nikimwangalia mikono badala ya kumuuliza.

Nilipomuuliza alinijibu kwa utulivu kabisa. Mtumbwi ukiwa bado mbali ziwani jina halisomeki, lakini rangi inaonekana. Anayesubiri ufukweni asubuhi anamjua wa kwake mapema.

Sasa ana mitumbwi miwili tu ya kuchora. Mkizichapa tena zile picha za Wain, andikeni chini yake kwamba hakuna ajuaye ipi ilitangulia.

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza