Barua ya wazi kwa majirani zetu wapya mliohamia Kisarawe

Wanangu, wadogo zangu na wajukuu mliokuja kujenga huku kwetu kutoka Tabata, Segerea, Kimara, Mbezi na huko kwingine, asalaam aleikum, na wale wa upande wa pili bwana asifiwe. Shikamoo zenu nimeshazipokea hata kama hamjanipa, marahaba.

Mimi ni yule mzee mnayempita kila siku amekaa barazani na redio, nyumba ya bati lenye kutu pale njia panda chini ya mkorosho. Mnanijua kwa sura, mi nawajua kwa vumbi lenu. Mjukuu wangu alinionyesha ile ya kuongea simu ikaandika yenyewe, nikaongea dakika kumi ikaandika upuuzi mtupu, kwaiyo nabonyeza kwa kidole kimoja, mkiona makosa mnivumilie.

Kwanza karibuni. Nasema karibuni kwa moyo maana najua kuna wenzangu wanaosema hawa wa mjini watatumaliza, wamekuja na mageti na majenereta. Mi sio wa kusema ivo, mi mwenyewe nilikuwa wa mjini. Niliendesha basi Dar miaka zaidi ya ishirini nikikaa Buguruni, nikarudi hapa 1996 na kiinua mgongo changu na ujuaji wangu wote. Kitu cha kwanza nilichofanya, hata choo sijachimba, nikazungushia shamba seng'enge. Sasa katikati ya shamba kulikuwa na kanjia kembamba kanaenda kisimani, mi nikaona shamba langu, njia ya nini, nikaiziba.

Hakuna mtu aliyeniambia kitu. Hilo ndo muelewe kuhusu watu wa huku, hawagombi nawe, wanakunyamazia. Mjini jirani akikasirika utamsikia mpaka mtaa wa tatu, huku ukikosea utaona tu salamu zinakuwa fupi. Unasema habari za asubuhi unajibiwa nzuri, basi, hakuna za kwako, hakuna watoto wanaendeleaje, hakuna mvua umeionaje. Mi nikadhani ndo walivyo. Kumbe bi mkubwa mmoja, Mungu amrehemu, yeye akaamua kunifundisha. Kila alfajiri anakuja na ndoo yake anagonga mlangoni kwangu, hodi, hodi mwanangu, naomba kupita. Natoka usingizini na msuli wangu namfungulia, anapita ndani ya ua anakwenda kisimani. Baada ya muda hodi tena, sasa ndoo imejaa, naomba kupita. Anaongea kwa upole kabisa, wala hacheki. Siku ya nne niliing'oa ile seng'enge mwenyewe kabla hakujapambazuka, nikamsubiri apite, akapita akasema tu umeamkaje, za kwako, watoto, mvua umeionaje.

Nyie mnajenga ukuta wa tofali na vipande vya chupa juu, sina ugomvi na ukuta, wezi wapo kila mahali. Ila kabla fundi hajachimba msingi tembea shamba lako asubuhi na jioni uone watu wanapita wapi. Ukiona kanjia kameng'aa hakana jani hata moja, hako kana umri kukuzidi. Rudisha ukuta nyuma hatua tatu. Hatua tatu tu jamani.

Na hapa niwaambie jambo ambalo madalali hawawaambii. Mnaponunua yale mashamba ya huko chini yenye miembe mikubwa na hamna nyumba hata moja, mnadhani ni pori lilikuwa halina mwenyewe. Yale ni mahame. Babu zetu walikuwa wanakaa kule, kila mtu na kaya yake na miembe yake, halafu 1974 ikaja Operesheni Vijiji, watu wakaambiwa wahame waje wakae pamoja barabarani karibu na shule na zahanati. Mi nilikuwa kijana nakumbuka, tulibeba milango vichwani, mpaka milango. Watu wakahama lakini miembe haihami na makaburi hayahami. Ndo maana unanunua eka mbili kwa kijana mmoja anakuonyesha karatasi, miaka miwili baadae wanakuja watu watano hujawahi kuwaona wanasema hapa amelala bibi yetu na ule mwembe kapanda yeye.

Na huku pwani mti na ardhi ni vitu viwili. Mtu anaweza kukuuzia ardhi mnazi ukabaki wa shangazi yake, na shangazi anakuja kuangua nazi zake hana habari na geti lako. Sio wizi huo mwanangu, ndo mila ilivyo toka zamani. Kwaiyo ukinunua uliza, na miti je? Na makaburi je? Na muulize muuzaji mkutano mkuu wa kijiji umekaa lini kuhusu hili shamba, maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ile namba 5 ya 1999, inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu uridhie, yani wanakijiji wote wa kuanzia miaka 18. Muhuri wa mwenyekiti peke yake sio mkutano. Wako walioandikiana kwenye gari vioo viko juu wakapeana hela, saivi wanashinda kwenye baraza la ardhi la kijiji mbele ya wale wajumbe saba wanaeleza habari ya shamba ambalo hata jina la eneo hawalijui.

Tena mkishakaa hapa na nyie ni wanakijiji, ule mkutano ni wenu pia, kila miezi mitatu unatakiwa kukaa. Siwaoni. Mnakuja kulalamika kwa mtendaji mkiwa ndani ya gari, injini inaunguruma.

Sasa tuje kwenye malalamiko yenu maana nimeyasikia. Kuna kijana mmoja ana gari jeupe zuri sana, mwezi wa saba aliamka akakuta limekuwa la njano lote, akaja juu kwamba kuna watu wanamchafulia gari makusudi na lile limashine linapiga kelele saa kumi na moja alfajiri kama pikipiki isiyo na eksozi. Nikamkalisha. Mwanangu ile ni salfa, watu wanapuliza mikorosho. Mkorosho ukianza kutoa maua unapata ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, maua yanakauka yanakuwa meusi na korosho hupati. Sasa salfa inapulizwa alfajiri kwa sababu upepo bado umelala na majani yana umande, unga unaganda. Ukisubiri saa tatu upepo umeamka salfa yote inakwenda Pugu. Ile njano kwenye gari lako ni ada ya shule ya watoto wa jirani. Kijana alinielewa, saivi analifunika turubai na nimesikia ana mikorosho yake kumi na mbili anatafuta mtu wa kumpulizia.

Ngoma nazo. Mnasema ngoma mpaka asubuhi siku tatu. Ndio. Mwali anatolewa, kiangazi watu wameshavuna ndo wakati wake, na kawaida ni chache tu kwa mwaka. Sitawaambia haina kelele, ina kelele, hata mi usingizi unanipaa. Ila mtu akileta kadi au akituma mtoto aje kusema babu kuna shughuli kwetu, ujue umealikwa, sio umepewa taarifa tu. Nenda kaa nusu saa, kula pilau, mtunze mwali chochote, rudi ulale. Ngoma ya kwa mtu uliyekula kwake haipigi kelele sana, jaribu uone.

Nimechelewa kufika kwenye lile hasa lililonifanya niandike. Msiba.

Mwezi uliopita tumefiwa na mzee mwenzangu, mnaikumbuka ile siku barabara ilijaa. Hela zenu zilifika. Nasema kweli, mlituma kwa simu na hazikuwa ndogo, mweka hazina wa msiba alisoma majina yenu kwenye daftari mbele ya watu, mmoja elfu hamsini, mwingine laki, watu wakasema ahsante. Halafu mzee mmoja akauliza kwa sauti, huyu wa laki ndo nani? Hakuna aliyemjua. Anakaa hapa mwaka wa tatu. Laki moja imeandikwa kwenye daftari haina sura.

Hatukuwa tunatafuta hela wanangu. Kaburi lilikuwa linachimbwa, udongo wa Kisarawe mnaujua ukikauka, vijana walikuwa sita wanapokezana jembe na jua lile. Wewe hata usishike jembe, kaa pale kwenye mkeka chini ya mwembe na wazee, usiongee kitu, tukuone. Mama nae ajifunge kanga aende kule nyuma akakae na wenzie wachambue mchele. Hatajua cha kufanya, watamwambia. Huko ndo atajua nani ni mkunga, nani ana dawa ya mtoto wa kulia usiku, nani anauza mayai ya kienyeji, nani hasemeshwi na kwanini. Hayo huyapati kwenye grupu la watsap la mtaa wenu wa zamani.

Lakini mmoja wenu alikuja, na huyo nataka nimsimulie. Mtu mmoja mnene hivi, Msukuma, alikuja na viatu vyake vyeusi vya ofisini akasimama mbali kidogo na kaburi mikono nyuma. Vijana wamefika kwenye mwanandani, kule chini anapolazwa maiti, wametoka nje wapumue, mara mzee mmoja Mnyamwezi anayekaa huku siku nyingi akaruka akaingia mle ndani ya kaburi akalala chali. Akasema hatoki. Wazaramo mlikuwa mnamchukia huyu marehemu, leo mnajidai mnalia, nyumba hii ni yangu mpaka mnilipe. Yule ndugu yetu Msukuma uso ulimbadilika, akatukata jicho, akaanza kwenda mbele kama anataka kuamua ugomvi. Nikamshika mkono. Nikamwambia tulia, huyo ni mtani. Wanyamwezi na Wasukuma ni watani zetu sisi Wazaramo, toka enzi za misafara ile, mababu zao wanateremka kutoka bara na mizigo kichwani wanapita hukuhuku kwenda pwani, wakapigana na mababu zetu, wakapatana, wakabaki wanataniana mpaka leo. Kwenye msiba mtani ana haki yake, na mtoto wa marehemu mwenyewe na machozi yake ameshaanza kucheka.

Akaniuliza, kwaiyo mzee na mimi ni mtani? Nikamwambia wewe ndo mwenyewe kabisa. Miaka miwili unakaa hapa unajifungia getini kama mgeni kumbe una kazi yako msibani na hakuna anayeweza kukufukuza. Alifikiria kidogo, akavua viatu akaviweka pembeni vizuri vimelingana, akasogea mpaka ukingoni akamwambia yule mzee sogea, hiyo nyumba ni ya vyumba viwili. Watu walicheka, wafiwa walicheka, shekhe aligeuka pembeni mabega yanamtikisika. Walilipwa elfu tatu wakagawana. Saivi akipita na gari watoto wanakimbia nyuma wanaita mtani, mtani, na yeye anashusha kioo anawatukana utani wake na wao wanamrudishia.

Na hicho kioo. Shusheni vioo jamani. Mi sidai msimame, najua mnachelewa kazini na foleni ya Gongo la Mboto naijua tangu haijawa foleni. Ukifika kwangu punguza mwendo kidogo, shusha kioo, inua mkono. Vile vioo vyenu vyeusi sijui kama nampungia mkono mtu au kiti. Na ukiwa kwa miguu ukipita mtu yuko barazani msalimie yeye kwanza kabla hajakuona, hata kama una simu sikioni, simu itasubiri. Na dukani pale njia panda nunueni hata chumvi na kiberiti, msituletee kila kitu kwenye buti kutoka supamaketi, maana yule mwenye duka ndo anayejua gari gani ngeni imeingia usiku, na hatakuja kumwambia mtu asiyemjua.

Kuna mengine, mbwa wenu, moto wa kufyeka mashamba mwezi wa tisa, lakini kidole kimechoka na chaji inaisha, mbwa tutaongea uso kwa uso maana hilo lina maneno mengi.

Jumapili hii saa moja asubuhi tunafyeka makaburi kule mahame, yale yaliyo nyuma ya zile nyumba tatu mpya zenye bati la bluu. Wenye nyumba hizo mnajijua. Njooni na panga zenu, za kuazima hakuna, na mwenye chupa kubwa ya chai aje nayo, mihogo ya kuchemsha inatoka kwangu.