Kwa dada yangu, kuhusu ile chati ya mlangoni

Shikamoo dada.

Ujumbe wako umenifika. Sekunde 11: "Mtoto anaendeleaje na macho? Mpe salamu zangu." Miaka miwili na nusu ya kununiana, halafu sekunde 11. Nilitaka kukujibu kwa sauti vilevile. Nikarekodi nikafuta, nikarekodi nikafuta, mara ya tatu sauti ikakwama kabla sijamaliza salamu. Basi naandika, na naandika mahali pa wazi kwa kuwa yale mazoezi ya macho hukunipa mimi peke yangu. Uliyagawa kwa kila uliyemkuta na miwani, na wengine wao wana watoto.

Nianze na haki yako, usije ukasema nimesahau fadhila. Kipindi kile nakesha kwenye kompyuta na kichwa kinanigonga, ni wewe uliyenikalisha chini. Ulinifundisha kusugua viganja mpaka vipate moto, kuvikunja kama mtu anayeteka maji, kufunika macho bila kugusa kope, viwiko juu ya mto, pumzi polepole. Dakika tano za giza. Nilipofumbua, maandishi yalikuwa yametulia. Mpaka leo nafanya. Na lile la kuinua macho kila baada ya dakika 20, uangalie kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20, nalifanya pia, na nimewafundisha wenzangu kazini bila kuwaambia nimelitoa wapi.

Ila ulichokiita kupona kilikuwa kupumzika. Mtu akikodolea kompyuta husahau kupepesa. Kwa kawaida tunapepesa mara 15 hivi kwa dakika. Mbele ya kioo cha kompyuta zinashuka hata kufika nusu. Jicho linakauka, ukungu unaingia. Ukilifumba kidogo, machozi yanatandaa upya, na ule msuli wa ndani unaoifanya lenzi inenepe ili uone karibu unalegea. Ukifumbua unaona vizuri, hilo sibishi. Lakini jicho lenyewe halijabadilika umbo hata kidogo. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi. Likizidi milimita moja tu, tayari una karibu namba tatu za miwani ya kutoona mbali. Milimita hiyo hairudishwi na kiganja.

Nilipokuambia hivyo ukaniletea yule daktari wako. Dada, namjua sasa kuliko unavyomjua wewe, maana hasira ndiyo iliyonisomesha. William Bates, daktari wa macho wa New York. Mwaka 1920 alitoa kitabu akisema lenzi haina kazi yoyote katika kulenga, eti misuli ya nje ndiyo inayolibinya jicho lirefuke au lifupike, kwa hiyo ukiilegeza misuli hiyo utatupa miwani. Viganja ni vyake. Kuyumba kushoto kulia ni kwake. Kuelekeza macho juani ni kwake pia, na hilo ndilo pekee nililokukatalia uso kwa uso. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, haina neva za maumivu. Inaungua nawe unatabasamu.

Mengine sikukukatalia. Hapo ndipo penye shida yangu.

Ile jioni sina haja ya kukuambia nani alikuwepo. Chati ya herufi za kupimia macho mlangoni, kile kigoda, hatua sita ulizozipima kwa miguu yako mwenyewe. Mwanangu wakati huo ana miaka mitano na nusu, amekaa kwako wiki nne za likizo, na miwani yake iko kwenye droo yako tangu siku aliyofika. Hukuniomba ruhusa. Uliniambia siku ya nne, kwenye simu, unacheka: "Nimemvua yale magongo." Na mimi, mama yake, nikacheka.

Ukamfunga kitambaa jicho la kulia, lile zima. Ukaenda mlangoni ukaanza kuonyesha kwa kidole. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, anataja tu. Watu wanapiga makofi, mimi narekodi. Kwenye mstari wa saba kidole chako, kwa furaha nadhani, kikaruka herufi. F, E, L, halafu badala ya O ukagusa P. Mtoto akasema O. Ukagusa Z, akasema P. Ukagusa D, akasema Z. Kidole kikateleza nje ya karatasi, kikatua kwenye mbao tupu, naye akapaza sauti: D! Ukamkimbilia ukamrusha juu.

Wiki nne anaishi na chati ile, anacheza mbele yake, anaitazama kwa jicho zima, ameikariri kama wimbo. Alikuona unavyosubiri, akakupa ulichokuwa unasubiri. Kidole alikuwa anakiona. Herufi hapana.

Ya droo nimeshakusamehe, dada, nakuambia kweli. Kinachonirudia ni kile kidole kwenye mbao.

Sasa nikueleze kile ambacho hukunipa nafasi ya kukueleza. Mtoto hakuwa na tatizo lako la kuchoka macho. Jicho la kulia lilikuwa zima, la kushoto lilizaliwa na namba kubwa. Ubongo wa mtoto haupendi kusumbuliwa na picha mbili, moja safi na moja ya ukungu. Unachukua iliyo safi, hiyo nyingine unaipuuza, na ukiipuuza muda mrefu unasahau namna ya kuitumia. Wanaliita jicho vivu. Katika kila watoto 100, wawili watatu hivi wanalo, na wengi hawagunduliwi kwa sababu mtoto akiwa na macho yote mawili wazi anakimbia na anadaka mpira kama wenzake. Wanasayansi David Hubel na Torsten Wiesel walilionyesha jambo hili miaka ya 1960: walimshona paka mchanga kope za jicho moja, walipolifumbua baadaye, jicho lilikuwa zima lakini ubongo haukulijibu tena. Mwaka 1981 walipewa Tuzo ya Nobel. Nilisoma habari hiyo usiku, nikaenda chumbani kumwangalia mtoto amelala.

Kwa mtoto wa namna hii miwani si magongo. Ndiyo dawa ya kwanza. Picha safi ikianza kuingia kwenye jicho lile, kuona hupanda kidogo kidogo kwa wiki kadhaa hata kabla hujafanya kingine chochote. Wiki hizo ndizo zilizokaa kwenye droo.

Na siku alipopimwa sawasawa, walipomtia matone ya kuulaza ule msuli wa ndani (kwa watoto ni lazima, maana wakijikaza huificha namba yao), mboni zilitanuka kama vifungo vya koti. Siku nzima hakuweza kusoma kitabu cha karibu. Lakini macho aliyazungusha juu, chini, pembeni, anacheka mwenyewe kwenye kioo. Nikakukumbuka. Misuli ya nje yote inafanya kazi, na kulenga hakupo. Bates wako alikuwa amekaa mbele yangu akijikanusha, na sikuwa na wa kumpigia simu nimcheke naye.

Maana tulikuwa tumeshagombana. Siku tuliyogombana nilikupigia nikiwa bado nje ya kliniki. Nikakuambia umemharibia mwanangu jicho. Wewe hukupandisha sauti. Ulisema, "Si ulikuwepo? Si wewe uliyerekodi?" Nikakata simu.

Sijui kama ulijua unachokisema. Nimejiuliza miaka miwili na nusu. Kwa sababu usiku ule ule wa chati, baada ya kurudi nyumbani, niliirudia video. Mara ya kwanza nikacheka. Mara ya pili nikamwangalia mtoto. Mara ya tatu nikaangalia kidole. Nikaiona O, nikaiona mbao. Nikazima simu nikalala, na kesho yake sikumrudishia miwani. Si kesho yake tu. Miezi minane.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Najua utanitupia hilo, wacha nilitangulize mwenyewe. Lakini na wewe nisikilize. Kila asubuhi ilikuwa vita kumvalisha miwani ile. Wenzake wanamwita macho manne, anarudi analia, anaificha chini ya godoro. Halafu anatokea dada yangu, aliyenilea, aliyenishika mkono kunifundisha kuandika, anasema haihitajiki. Ungekuwa mimi ungefanya nini? Ningekuonyesha ile video ungesema nina wivu, au namtakia mtoto mabaya. Hukuwa mtu wa kuambiwa, dada. Hata mama alikuwa akisema hivyo. Na daktari wa kwanza hakunieleza kitu; alinipa karatasi ya namba, akaita mgonjwa mwingine. Kama angeniambia maneno mawili, "jicho vivu", ningekwenda kutafuta. Sikuambiwa.

Basi, nimeshasema. Nimeona nilivyoanza na kosa langu nikaishia kwenye makosa ya watu wengine, sitafuta.

Umeuliza anaendeleaje. Alianza na 6/36 katika jicho la kushoto, yaani kile anachokiona mwenye macho mazima akiwa mita 36, yeye mpaka asogee hadi mita 6. Miwani peke yake ikamfikisha 6/24. Baada ya hapo kiraka: tunalibandika jicho zima kwa muda wa saa mbili kila siku ili lile vivu lisiwe na pa kukimbilia. Humo ndani ya saa mbili anachora, anapanga shanga, anasoma. Mwezi wa kwanza alikuwa anapapasa meza na kulia kwamba nimemzimia taa. Sasa yuko 6/12. Ana miaka minane, na baada ya miaka saba hivi mambo huenda kwa kusukuma. Nilimuuliza daktari kama miezi minane ile ndiyo iliyokula mistari iliyobaki. Akaendelea kuandika.

Kwa hiyo, zoezi la macho lipo, dada. Ulikuwa sahihi nusu, na nusu hiyo ndiyo inayonichoma kuliko ungekosea yote. Lipo pia lile la kalamu, unaisogeza kuelekea puani bila kuiacha igawanyike mbili. Wanaoshindwa kukutanisha macho karibu hupewa na madaktari wenyewe. Ungeanza na kupima, ungekuwa mwalimu mzuri sana. Mtoto bado anaweka viganja machoni kabla ya kulala. Sijamkataza.

Kuna kitu kimoja zaidi. Wewe ndiye uliyekuwa unaniandikia jumbe ndefu kama magazeti, na nukta mahali pake. Siku hizi unatuma sauti. Binamu yetu anasema kwake pia ni sauti tu, na picha anazokutumia unazisogeza mbali kwa mkono kabla ya kusema mtoto huyu ni wa nani. Una miaka 47. Lenzi ya kila mtu hukakamaa kadiri umri unavyokwenda, na baada ya 40 kuona karibu huanza kusumbua, hata angefunika macho usiku kucha. Nenda ukapimwe, na uwaambie wakuangalie na presha ya macho, hiyo mara nyingi haiumi na haijitangazi.

Barua hii utahitaji mtu akusomee. Usimwambie mtoto wako akusomee, mpe mtu mzima. Au fungua droo ile. Ya kwako pia uliitia humo.