Harambee ya Kutia Joto Karakana ya Wachoraji na Wafinyanzi, Limuru

Ndugu, jamaa na wapenzi wa sanaa,

Baridi ya Limuru mwezi wa Julai mnaijua. Ya nyumbani utaifungia mlango. Ya karakana haifungiki, kwa sababu kazi yenyewe inaikaribisha. Anayechora kwa rangi za mafuta hutumia tapentaini kuyeyushia rangi, na mvuke wake huleta kizunguzungu na kuumwa kichwa, basi madirisha hukaa wazi. Mfinyanzi naye hafagii sakafu ikiwa kavu: vumbi la udongo lina silika, madini yaliyomo mchangani, na mapafu yakishaharibiwa nayo hayaponi. Sakafu hupigwa deki kila jioni, na asubuhi simenti bado ina unyevu.

Kuvumilia tumezoea. Sweta mbili, glavu zilizokatwa vidole, chupa ya rangi ya akriliki imefichwa ndani ya koti isipoe. Hilo hatuliombei pesa. Shida ni kwamba kazi haivumilii. Akriliki ikipakwa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10 hivi haishikani sawasawa. Hupata nyufa au hutoka unga ukiipangusa, na mnunuzi ana haki ya kuirudisha picha. Chungu nacho hukawia rafuni. Kiguse kwa shavu: kikiwa baridi, kina maji bado. Ukikiingiza tanurini hivyo hivyo kwa kuharakisha oda, joto likipita nyuzi 100 maji hugeuka mvuke, chungu kinapasuka, na vigae vyake vinaharibu vya jirani.

Wengi hutuuliza kwa nini tusiwashe jiko la makaa. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na tapentaini hushika moto upesi. Hilo halijadiliwi.

Chumba kina mita 9 kwa 6, mabati matupu juu. Usiku unyevu hugeuka matone chini ya bati na kudondokea kanvasi. Tunahitaji silingi bodi 20 za futi 8 kwa 4, pamoja na mbao za kuzishikilia na ufundi: Sh 78,000. Mabati mawili yanayopitisha mwanga hayatazibwa; mchoraji bila mwanga wa juu ni bure. Jiko la chuma la kuni lenye bomba la kutoa moshi nje, litakalokaa upande wa wafinyanzi, mbali na rangi: Sh 45,000. Majukwaa ya mbao ya kusimamia, ili miguu isikanyage simenti: Sh 22,000. Jumla ni Sh 145,000.

Tukipungukiwa, silingi itatangulia. Jiko chini ya bati tupu ni kuchoma kuni bure.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi, hapo hapo karakanani. Kadi za mchango ziko kwa mweka hazina, na kila mchango utaandikiwa risiti. Maseremala, leteni mabaki ya mbao tuyafanye kuni, ila si plaiwudi wala mbao zilizotiwa dawa: moshi wake una sumu.