Mkanda wa ngozi kwenye boneti si ushahidi kwamba ni 100M

Haipiti wiki hatujatumiwa picha WhatsApp, Austin-Healey 100, gari la michezo la Kiingereza la miaka ya 1950, ya rangi mbili, boneti ina matundu ya hewa, mkanda wa ngozi umepita juu yake, halafu ujumbe: "muuzaji anasema ni 100M," yaani lile toleo lake lenye nguvu zaidi, "inafaa shilingi ngapi?" Wengine washatoa na advansi. Jibu letu ni lile lile, mkanda tumeuona, leta namba ya bodi na cheti.

Shida iko hivi. 100M za kiwandani zilitoka 640 tu, mwaka 1955 na 1956, zote juu ya BN2, yaani toleo la pili la Healey 100. Bodi ilitoka kwa Jensen, kampuni iliyotengeneza bodi zake, gari ikaunganishwa Longbridge, hapa hapa Birmingham tulipo, kisha ikaenda Warwick kwa watu wa Donald Healey, mwenye gari lenyewe kubuni, wakafunga kabureta kubwa, boksi la hewa baridi, kamshafti kali na pistoni za kubana zaidi, nguvu ikapanda kutoka farasi 90 hadi 110. Sasa vitu karibu vyote hivyo, ukitoa zile pistoni, viliuzwa pia kama seti ya vifaa iliyoitwa Le Mans, mwenye Healey 100 yoyote ananunua anafunga, na leo hii bado unavipata vipya. Kwa macho huwezi kujua, na pistoni nani atakufungulia injini uzione? Tena baada ya miaka karibu 70 zishabadilishwa mara ngapi.

Kwa hiyo tunaanza na cheti kutoka kumbukumbu za makumbusho ya magari ya Uingereza yaliyoko Gaydon, kinachonukuu daftari za kiwanda: namba ya injini, namba ya bodi, rangi ya mwanzo, ilipelekwa wapi. Halafu tunaingia chini ya boneti na tochi, maana Jensen walikuwa wanagonga namba ya bodi kwenye vipande vyenyewe. Kuna moja ililetwa, kibati cha namba kinasema hivi, boneti tulivyokwangua rangi kidogo pembeni inasema vingine kabisa. Mwenyewe alikaa kimya muda mrefu. Ilikuwa Healey 100 nzuri tu, lakini alinunua kwa bei ya 100M, na hiyo tofauti si ya kuchekea.

Kitu kingine ni kutu, na hapa naomba muache kutembea na sumaku kama hamjui bodi ilivyo. Pua na sehemu ya nyuma ni alumini, mabawa, yaani madigadi, ni chuma. Sumaku ikikataa kwenye pua ni sawa, ndivyo ilivyo, ikikataa kwenye bawa ndio ujue kuna pati nene ya kuzibia. Pale alumini inapokutana na chuma, unyevu ukiingia zinalana, rangi inavimba vipele vidogo vidogo kwenye kiungio, ukibonyeza kwa kidole inakatika kama ganda la mkate. Kupiga rangi juu yake ni kazi bure, mpaka mabawa yatoke.

Kuthamini kunachukua nusu siku na gari lazima ipande kwenye lifti tuone chesisi. Njoo na makaratasi yote, hata zile risiti zilizolowa oili, na vipande vya zamani ulivyotoa usitupe, weka kwenye buti. Na tafadhali usioshe injini kabla ya kuja, tunataka kuona inavuja wapi.