Kabla hujanunua hiyo BM

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, baba. Ujumbe wako nimeupata, na picha za hiyo BMW 325i ya 2008 unayotaka kununua nimezitazama moja moja, nikizikuza kwa vidole, mpaka baba yako akauliza kama nimeanza udalali. Sisi huku hatujambo. Leo nitaongelea gari tu, mengine tutayamaliza kwa simu.

Kwanza, sikukatazi. Mama anayekwenda sokoni Mbuyuni na 325i hana uso wa kumwambia mwanawe anunue Vitz. Najua unachokitafuta: ule usukani mzito mkononi, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja zikipanda mlio bila kutetemesha hata kikombe, na jinsi gari linavyotulia kati ya Mombo na Same wakati wenzako wanapigana na upepo wa malori. Baba yako na Premio lake huwa anacheka, lakini safari ya Dar ikifika anaomba funguo zangu.

Ila hiyo bei isikulevye. Gari la 2008 la aina hii lilipotoka kiwandani lilikuwa la mkurugenzi. Leo wewe, ambaye ajira yenyewe ni ya juzi, unaweza kulinunua kwa bei ya Premio. Kilichoshuka ni bei ya gari. Spea zake hazikushuka: mikono ya mbele inayoshika magurudumu, pampu ya maji, taa za zenoni, vyote bado vinauzwa kwa bei ya gari la mkurugenzi. Ndiyo maana unayaona mengi sokoni, na ndiyo maana yanauzwa rahisi. Mtu alikuwa na pesa ya kulinunua, ya kulitunza hakuwa nayo. Basi kama una milioni 18, usitafute gari la milioni 18. Tafuta la 12, na hizo sita zikae benki. Usizinunulie rimu, usizinunulie redio. Mwaka wa kwanza unalipa madeni ya aliyekutangulia, na usishangae zikiyeyuka zote.

Unasema dalali anaapa kuwa limetembea kilometa elfu 78 tu. Kiapo cha dalali hakina kazi. Mwombe karatasi ya mnada ya Japani. Magari mengi yanayokuja kwetu yamepitia mnada kule, na kila moja lina karatasi yenye alama ya jumla, kilometa siku ile, na mchoro wa gari uliojaa herufi. A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa chote. Namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa wa tatizo, kwa hiyo A1 isikunyime usingizi. Ukiona R au RA mahali pa alama ya jumla, gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Linganisha kilometa za kwenye karatasi na za kwenye dashibodi, kisha linganisha namba ya chesisi ya kwenye karatasi na ya kwenye gari, maana wapo wanaokuonyesha karatasi ya gari la jirani. Akisema karatasi imepotea, teremsha bei kichwani mwako, au ondoka.

Nenda asubuhi, na mwambie mapema asiliwashe mpaka ufike. Ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, kuna kitu hakutaka ukisikie. Injini hii ikiwaka baridi huweza kutoa mlio mwembamba wa tik-tik-tik kutoka juu. Mlio huo ukipotea injini ikishapata moto, si wa kukukimbiza. Cha kukukimbiza ni mtetemo usioisha, moshi wa bluu, au gia inayosita kisha inaingia kwa kishindo. Liache liungurume dakika ishirini, feni ya ndani ikivuta hewa ya nje, halafu ukae ndani na kunusa. Harufu ya oili inayoungua ikikujia kupitia matundu ya hewa, gasketi ya kava la vali imekwisha na oili inadondokea kwenye bomba la moto la ekzosi. Ni ugonjwa wa kawaida na unatibika, lakini hela yake ikatwe kwenye bei.

Chungulia pia upande wa mbele wa injini, pale filta ya oili inapokaa. Nyumba ya filta hiyo ina gasketi ndogo ya mpira ambayo joto huikausha ikawa ngumu. Ikianza kuvuja, oili inachirizika mpaka kwenye mkanda. Mkanda uliolowa oili hutoka kwenye puli, unachanika, na nyuzi zake huweza kuvutwa nyuma ya puli kubwa hadi ndani ya sili ya mbele ya injini. Nimeiona injini iliyofunguliwa hadi chini kwa sababu ya gasketi ambayo ungeitia mfukoni mwa shati. Washa tochi ya simu, pitisha kidole chini ya nyumba ile, kisha tazama kidole.

Sasa maji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo BM nyingi za Dar zinapofia.

Kwenye 325i hiyo pampu ya maji haizungushwi na mkanda. Ni ya umeme, ina mota yake na kompyuta ndiyo inayoiamrisha. Pampu ya kizamani ilikuwa inakupa taarifa: inavuja, inalia, unajua. Hii hufanya kazi vizuri Jumatatu na Jumanne ikakata kauli. Halafu dashibodi yenyewe haina mshale wa joto la maji, kwa hiyo huwezi kuona gari likipanda joto pole pole. Unasikia feni ya mbele ikivuma kwa nguvu zote, unaona taa ya njano, halafu nyekundu. Ikiwa nyekundu, simama hapo hapo na uzime, hata kama ni katikati ya Ubungo na watu wanapiga honi. Usiniambie "nilitaka nifike tu hapo mbele". Bloku ya injini hii imetengenezwa kwa magnesiamu na alumini, na hata bolti zake nyingi ni za alumini, zikifunguliwa hazirudishwi, zinawekwa mpya. Ikichemka sana hakuna fundi wa kukupangusia machozi.

Wenye magari haya huibadilisha pampu kuanzia kilometa laki moja hivi, hata kama bado inazunguka, na themostati yake wanaibadilisha siku ile ile. Wewe fanya hivyo mara tu ukilinunua. Na usinunue pampu mtumba, hata kama muuzaji ni mcha Mungu.

Hiyo themostati ina kisa. Hapa mjini kuna fundi aliyetaka kuitoa kabisa kwenye gari langu. "Mama, nchi yetu ya joto, hiki kidude ni cha Ulaya, kinazuia maji." Maneno hayo utayasikia kila gereji ya chini ya mwembe. Kidude hicho ndicho kinachoifanya injini ifike joto lake na kubaki hapo. Ukikitoa, kompyuta inadhani injini bado baridi, inazidi kumwaga petroli, na oili haipati joto la kuchoma unyevu wake. Kwenye gari hili themostati nayo inaongozwa kwa umeme, kwa hiyo ukiitoa unajinunulia na taa ya cheki injini. Nilichukua funguo zangu.

Njia ya kumjua fundi anayeijua BM ni hii. Muulize, ukishajaza kulanti mpya, yaani dawa ya kupozea injini, unatoaje hewa? Akisema anafungua kifuniko na kuliacha lingurume, mshukuru uende. Jibu ni kwamba injini haiwashwi. Unafungua swichi tu, unaweka hita joto la mwisho na feni yake chini kabisa, unakanyaga mafuta hadi mwisho kwa sekunde kama kumi, unaachia. Pampu inaanza kuzunguka yenyewe, unaisikia ikinong'ona, na inaendelea kwa dakika kama 12 ikisukuma hewa nje. Betri iwe imeunganishwa na chaja wakati huo. Na kinachojazwa ni kulanti iliyochanganywa na maji safi ya chupa, siyo maji ya bomba.

Oili: hakuna kijiti cha kupimia. Usihangaike kukitafuta wala usimruhusu fundi akukadirie. Kiasi unakisoma kwenye kioo kidogo cha dashibodi, injini ikiwa na moto, kwa kubonyeza kitufe cha kwenye mkono wa indiketa. Inaingia lita sita na nusu, na fundi aliyezoea magari madogo atakuja na galoni moja ya lita 4 akidhani imetosha. Kwenye kopo tafuta maandishi LL-01, ndicho kiwango cha oili cha BMW wenyewe, mengine ni mapambo. Kompyuta ya gari itakuambia ubadilishe baada ya safari ndefu mno, hesabu za barabara za Ulaya. Kwa foleni za Mbagala na vumbi letu usivuke kilometa 8,000.

Gia boksi utaambiwa mafuta yake ni ya maisha. Maisha ya nani, hawasemi. ZF wenyewe, wanaotengeneza gia boksi nyingi za magari haya, wanashauri yabadilishwe kati ya kilometa elfu 80 na laki na ishirini. Sampo yake, lile bakuli la mafuta la chini, ni ya plastiki na filta imejengewa humo humo, kwa hiyo unanunua sampo nzima. Kujaza nako kuna utaratibu: gari liwe sawasawa juu ya lifti, injini inawaka, na mafuta yapimwe joto kwa mashine. Fundi anayejaza kwa macho asiiguse.

Spea usinunue kwa jina la gari, nunua kwa namba. Chukua tarakimu saba za mwisho za chesisi, zitakupa namba kamili ya kifaa chako, maana gari la Machi na la Oktoba la mwaka mmoja huweza kutofautiana. Halafu ujue kwamba BMW hawatengenezi kila kitu. Mikono ya mbele, kwa mfano, hutengenezwa na Lemförder. Ukiinunua kwenye boksi la Lemförder, mara nyingi utakuta mahali fulani chuma kimesagwa ili kufuta nembo ya BMW; ndicho kifaa kile kile, bei imepungua. Milango, saiti mira na taa za nyuma chukua mtumba pale Shauri Moyo, Ilala, hazina neno. Kifaa kikikosekana Dar, binamu yako wa Nairobi anaweza kukitafuta Kirinyaga Road akakipakia kwenye basi la Namanga.

Betri iko kwenye buti, upande wa kulia. Ikibadilishwa, kompyuta lazima iambiwe kwa mashine kwamba hii ni mpya, la sivyo itaendelea kuichaji kama kizee na utanunua nyingine mapema. Tairi nazo, kama zina alama ya RSC, ni zile zinazotembea hata zikiisha upepo, mwendo usiozidi 80 kwa kilometa kama 80 hivi. Ndiyo maana buti halina tairi ya akiba. Wengi huku huzitoa wakaweka za kawaida, kwa sababu zile ni ngumu na matuta yetu yanakutikisa meno. Sina ugomvi nao, ila weka tairi ya akiba na jeki, usije ukanipigia simu usiku kutoka Chalinze. Na soma tarakimu nne za ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri na umri wa miaka kumi ni la kutupa.

Kata bima kubwa. Dar wana mapenzi ya ajabu na saiti mira za BM. Kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha jina la kwenye kadi ndilo la anayekuuzia, na uangalie kama gari halidaiwi faini za barabarani. Ukilinunua, faini za tochi za mwendo kasi alizopigwa yeye utazilipa wewe.

Jumamosi ukifika pale yadi, fungua boneti kwanza, nitumie picha ya nyumba ya filta na namba ya chesisi, halafu nipigie. Bei usiitaje mpaka tuongee.

Akupende Mungu,
Mama yako

Nyongeza: Redio isikupe presha kama haishiki stesheni zetu nyingi. Za Japani huanzia 76 na kuishia 90, na zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kuna kidude kidogo kinachofungwa kwenye waya wa eriali, fundi redio yeyote wa Kariakoo anacho. Hicho tu ndicho rahisi kwenye gari hilo.