Anaimba a be che de yote lakini "mama" hawezi kusoma

Mhariri, salaam. Mimi sio mwalimu, ni mama tu wa mtoto wa miaka mitano, na nimeandika hii barua kwa sababu ya ule ukurasa wenu wa watoto, ule wenye herufi za nukta nukta ambazo mtoto anapitisha penseli juu yake. Mwanangu anaupenda kweli, gazeti likiingia ndani anachukua wake sisi tunabaki na zilizobaki. Shida yangu na huo ukurasa nitaisema mwishoni, ngoja kwanza nitoe la moyoni.

Huyu mtoto alikuwa anaimba a be che de yote bila kukosea hata moja, na mimi si unajua mzazi tena, nikamrekodi kwenye simu nikatuma kwa ndugu wote, mashangazi wakamsifia huko wee. Siku moja nikamwandikia neno fupi tu, mama, nikamwambia haya soma. Akakaza macho, kidole juu ya karatasi, "me... a... me... a", halafu akanigeukia kwa furaha, "meamea!" Nilicheka mpaka basi. Usiku ndo nikaanza kufikiria, mbona kama yuko sahihi? Kafundishwa hii ni me, hii ni a, sasa hiyo mama itoke wapi? Jina la herufi ni kitu kimoja na sauti yake ni kitu kingine, na sisi tulimpa majina matupu. Tena ukimkatisha katikati ya wimbo ukamuuliza baada ya ke inakuja nini hajui, mpaka arudi aanze na a.

Na lugha yetu inaturahisishia jamani, sijui tunakwama wapi. Irabu ni 5 tu, na a ni a popote utakapoikuta, sio kama Kiingereza ambacho herufi moja ina sauti nne na nyingine inakaa tu hapo haisomwi kabisa. Basi nikaanza naye upya, tukacheza na irabu mpaka zikakaa, nikaleta m, nikamwambia funga mdomo useme mmm, sasa ufungue na a, ikatoka ma. Ikafuata b, ikafuata k. Hizo ni herufi nane tu lakini hesabu mwenyewe maneno: mama, baba, kaka, bibi, mimi, kuku, kima, mkebe, kamba, kumbe. Hata kiboko yumo (wa majini namaanisha, kile kingine hatukitaki). Ule mpangilio wa kamusi una haraka gani? Mambo ya ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma yatakuja yenyewe, mtoto ameshaona kwamba maandishi yanasema kitu.

Sasa tuje kwenye kuandika, hapa ndo nina hasira. Shule aliyokuwepo mwanzo walikuwa wanampa homuweki ya kujaza ukurasa mzima herufi moja, mistari yote, na mtu ukiangalia vizuri utaona ya kwanza imekaa vizuri, ya tano imelegea, ya ishirini ni kama mdudu kakanyagwa. Hajazoea kuandika pale, kazoea kuandika vibaya. Na alikuwa anageuza b na d, akiandika baba inasomeka dada, basi anapigwa mkasi mwekundu ukurasa mzima, ikafika hatua ananificha daftari chini ya godoro. Mtoto wa miaka mitano!

Lakini hebu fikiria hili. Kikombe ukigeuza mkono wake wa kushikia ukauweka kulia au kushoto bado ni kikombe, ndivyo mtoto alivyoiona dunia tangu azaliwe. Leo unamletea kijiti na kiduara, kiduara kikiwa kulia ni b, kikiwa kushoto ni d, na hiyo d ukiipindua kichwa chini inakuwa p. Kwake huo ni uonevu. Wengi wanageuza hivyo mpaka miaka sita saba na inaisha yenyewe. Kilichotusaidia sisi ni kutozifundisha pamoja, b kwanza mpaka ikomae ndo d ije baadaye sana, halafu kuangalia mkono unaanzia wapi. B inaanza na kijiti, unashuka chini, unapanda unachora tumbo. D inaanza na tumbo, kama unaandika c, ndo unapanda juu na kijiti. Mkono ukishazijua hizo njia mbili macho hayana kazi kubwa tena.

Ndo maana nasema tuwaangalie mkono wakati wanaandika, tusisubiri karatasi ikiisha. O nzuri kabisa inaweza kuwa imezungushwa kinyume na wewe mzazi husemi kitu, halafu akifika kwenye a na d anahangaika, maana zote zinaanzia mzunguko ule ule wa c.

Na penseli yenyewe isiwe na haraka. Kwenye kifundo cha mkono mtu mzima ana mifupa midogo 8, ila kwa mtoto mchanga yote ni gegedu tu, ile laini kama ya sikio, inageuka mifupa taratibu miaka na miaka. Acha afinyange udongo, achane karatasi, abane nguo na vibanio, achore herufi kwa kidole kwenye mchanga ambao akikosea anafuta na kiganja na hakuna wa kumpiga mkasi. Maria Montessori, yule daktari na mwalimu wa Italia, alipofungua nyumba yake ya watoto kule Roma mwaka 1907 aliwapa herufi za msasa wazipapase kwa vidole huku wanatamka sauti yake, sasa sisi zaidi ya miaka mia baadaye bado tunakazana kujaza kurasa. Ukitaka kumpa kalamu za rangi mpe vipande vifupi, kwenye kipande kifupi vidole vinajipanga vyenyewe maana hakuna nafasi ya kukamata ngumi nzima. Wa mkono wa kushoto muacheni na kushoto kwake, mlazie tu karatasi upande.

Haya, nilichotaka kuwaomba. Zile nukta nukta zenu hazionyeshi pa kuanzia, mwanangu juzi kaandika m yote kuanzia mguu wa kulia kurudi kushoto na kwa kuangalia imetoka safi kabisa. Wekeni kidoti kinene pale penseli inapoanza na mshale mdogo wa kuonyesha inaelekea wapi. Na pale chini mlipoandika "sema jina la herufi hii", mkiweza badilisheni iwe sauti.

Ni mimi mama Meamea, hilo ndo jina langu sasa hivi nyumbani.